Gari Tupu na Ami Marhoon

Buthaina, tulisimama sote. Hata mimi.

Ile filamu ya Kijerumani ya kejeli niliyoitafsiri miezi minane, leo nimewaonyesha ukoo mzima nyumbani kwa Ami Marhoon. Nilikwambia, ikiisha tu namwambia Ami kuwa siachi kazi yangu kwenda kusimamia bohari yake kule mtaa wa Ghala.

Ikafika pale mji mzima unapolipigia saluti gari tupu la gavana, kwa kuwa lina bendera. Ami akainuka. Mgongo wamuuma tu. Na kwetu akisimama mkubwa, nani atabaki kitako? Tukasimama.

Akageuka, akatuona. Akadhani pana sababu. Basi naye hakukaa.

Hakukaa, Buthaina. Nusu saa nzima sisi tumesimama, na wale kwenye filamu wamesimama, na hakuna aliyecheka.

Dada yangu Mahbuba akaninong'oneza, "Kaa basi, wewe ndo mwenye filamu."

Nikamwambia, "Anza wewe."

Mwisho Ami akasema, "Wajerumani wana adabu, mashaallah." Kisha akanigeukia: "Ghala Jumapili, eeh?"

Nikasema, "Taib, Ami."

Kiti kilikuwa nyuma yangu muda wote.