Kasoro ya macho ya Dokta Meshack

Naima, acha kupika usome hii! Yule Dokta Meshack, mwenye mashine ya miale isiyoonekana inayofuata macho yanakotazama, leo kaumbuka!

Kamkalisha mwenzetu Paulina, kamwekea picha ya uso wa mzee kwenye skrini. Paulina akainamisha macho, ndivyo alivyolelewa. Dokta akaandika kwenye fomu: "Macho yana kasoro." KASORO!

Paulina akamwambia, "Dokta, mzee hakaziwi macho." Dokta akacheka, eti ushamba. Na yeye mwenyewe kwao ni kijijini Mpwapwa hapo tu!

Akakaa mwenyewe mbele ya mashine atufundishe kutazama. Mara Profesa, mzee aliye mkuu wake, akaingia, akasimama mbele yake.

"Shikamoo, Profesa!" Dokta akaamkia.

Naima, nukta zinazoonyesha macho ya Dokta yanakotazama zikaporomoka hadi chini kabisa ya skrini!

Paulina hakucheka. Alichukua fomu mpya, akaandika jina la Dokta, kisha: "Macho yana kasoro."