Begi la Mashoto

Mayuko, uko hapo?

Unamkumbuka Tetsuro, mkubwa wangu kazini, aliyeliazima begi langu la kupelekea vifurushi kwa baiskeli, lile nililojishonea kwa turubai la lori? Leo nimekuta nakala zake dukani, mtaa wa Shimokitazawa. Ukuta mzima! Na lebo zina jina lake!

Mwenyewe alikuwa pale akiyanadi. Nikamuuliza mbele ya wateja, "Kaka, umebuni mwenyewe?"

"Kwa mikono yangu miwili, mdogo wangu."

Mikono yake miwili, Mayuko!

Nikamwambia, "Haya, livae." Akalivaa. Akapapasa aulegeze mkanda, wapi! Kifungo kiko pale ambapo mkono wake wa kulia haufiki. Mimi ni mashoto, nilijipimia mimi, naye kanakili hadi ushoto wangu! Watu wakacheka, yeye anajikuna kwapa.

Mwenye duka akanivuta pembeni. Nikajua ataniomba radhi.

"Dada, unaweza kutushonea ya mkono wa kulia?"

Nikaishika lebo ya begi moja.

"Ila lebo itabaki ya Tetsuro. Wateja wameshamzoea."

Wameshamzoea, Mayuko. Nimeondoka nikiikokota baiskeli. Hata kuipanda nimeshindwa.