Nilipima Mikro Katikati ya Hotuba ya Baba Mkwe

Tantine Julienne mpendwa, nisaidie kabla mbuzi hawajamaliza matembele ya mama. Mimi ni Clovis, fundi wa redio hapa Kisangani, na Jumamosi nilipeleka mahari kwa akina Kasoki, mchumba wangu, na kwa kuwa nina amplifikateri yangu ya kukuza sauti niliona aibu kukodi ya mtu mwingine, lakini tangu vita vianze vipuri havifiki na mashine imebaki na tundu moja tu la kuchomekea linalofanya kazi, na wajomba walitaka kaseti ya rumba, na wageni walikataa kukaa bila redio ya habari za saa sita, wajue askari wamefika wapi, na Papa Sylvain, baba yake Kasoki, alitaka mikro ya kuhutubia, basi nikasokota nyaya zote tatu pamoja nikazichomeka.

Papa Sylvain akasimama na karatasi yake, sauti ikatoka kama ya mbu. Najua siku ya mahari bwana harusi hukaa kimya, msemaji wa familia ndiye anayeongea, lakini nilishindwa kuvumilia, nikaingia chini ya meza, nikang'oa kaseti na redio, nikamnyang'anya mzee mikro nikasema, "Allô, allô, un, deux!" na Tantine, ilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Papa akapiga kelele, "Sauti yangu anaipunguza, yake anaiongeza! Huyu iko mukwe ao iko commandant?" Nikadanganya kwamba umeme wa bwawa la Tshopo umepungua, na feni juu ya kichwa chake ilikuwa inazunguka vizuri kabisa. Mbuzi wote kumi na wawili wa mahari wamerudishwa kwetu. Nampenda Kasoki, sili, silali, nifanye nini?

Clovis

Tantine Julienne anajibu:

Clovis mwanangu, pole, lakini kwanza nikugombeze. Fundi mzima unasokota nyaya kama unasuka nywele! Mashine zikiunganishwa ovyo zinanyonyana sauti, hata zikinyamaza, na mikro ndiyo dhaifu kuliko zote. Kaseti na redio, weka rezistansi, kile kipuri kidogo cha kuzuia umeme, kwenye kila waya kabla hazijakutana. Zing'oe kwenye redio zilizokufa, unazo tele. Wakati wa hotuba chomoa zote mbili, mikro iachie tundu peke yake. Hilo ndilo dogo.

Kubwa ni kwamba umemdanganya mzee chini ya feni inayozunguka. Na Kasoki alikuja kwangu kabla yako, na karatasi ya hotuba ambayo hakuna aliyeisikia. Mstari wa mwisho baba yake ameandika: "Clovis, tangu leo mimi ni papa yako." Ulinyakua mikro akiwa amebakiza huo tu.

Jumapili baada ya misa, rudi na mbuzi wote. Ungama habari ya nyaya mbele ya watu wale wale. Chomeka mikro peke yake, mpe Papa Sylvain kwa mikono miwili, kisha kaa kwenye kiti chako, mikono juu ya magoti. Akikohoa, kaa. Mikro ikipiga mluzi, kaa. Ikizima kabisa, kaa pia. Mstari ule ni mfupi, utausikia hata bila mashine.