Kuhesabu Hadi Kumi

Gutu, 3 Juni 1996

Mpendwa binti yangu Shuvai,

Sisi huku wazima, ikiwa nawe huko Bulawayo u mzima. Karanga tumeshang'oa. Mama yako anatembea vizuri, ila mkono wa kulia bado mzito. Kusema ndiyo hivyo: tangu kiharusi cha Machi hajataja hata kikombe. Wewe uliyesomea kazi ya kuwarudishia watu maneno, niambie: amesahau, au hataki?

Nauliza kwa sababu ya Jumapili. Nilichinja kuku nikampa firigisi, ambayo tangu nimuoe haijawahi kutoka kwenye sahani yangu. Akapiga makofi ya shukrani, akanitajia sifa za ukoo wetu wa Soko toka mwanzo mpaka mwisho. Hakukwama popote! Nilifurahi mpaka nikamwaga mchuzi. Nikamwuliza, "Haya Mama Shuvai, chai au uji?" Akanitazama tu. Mwenye ulimi wa namna ile akininyima neno moja, nielewe nini? Majirani wanasema ana kinyongo.

Baba yako

Bulawayo, 14 Juni 1996

Baba, Mukanya wa ukoo wa Soko,

Nakupigia makofi ya salamu kutoka huku. Mimi mzima, kama nanyi mmeamka wazima.

Mama hana kinyongo. Maneno tuliyoyakariri miaka mingi hutoka yenyewe. Maneno ya kutafuta ndiyo kiharusi kimeyazibia njia. Hapa nina dereva asiyeweza kutaja jina la mkewe, lakini Baba Yetu anaisali mpaka amina. Pasaka nilimpima Mama: nikamwambia aonyeshe kijiko, kiberiti, mlango, vitu kumi. Alionyesha tisa. Anasikia na anaelewa.

Mwonyeshe majani ya chai na unga wa uji. Uliza mara moja, kisha unyamaze, uhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Usimjibie. Kichwa, kidole, neno: jibu lolote ni jibu. Na tafadhali, usiseme mbele yake kwamba anajifanya.

Mwanao Shuvai

Gutu, 2 Julai 1996

Binti yangu,

Natumaini u mzima. Mimi nipo.

Barua yako ililala dukani wiki mbili. Imenikuta nimeshampeleka mama yako kwao, kwa mjomba wako Zvenyika. Nilimwambia Zvenyika mbele ya wakeze, mama yako akiwa amesimama pale pale, "Dada yako hanitaki, anaringa na ulimi wake." Hakujitetea, nami nikasema, mnaona? Sasa nimesoma kwamba alisikia yote.

Nyumba imekuwa kubwa. Nifanye nini?

Baba yako

Bulawayo, 9 Julai 1996

Baba,

Salamu. Nimekasirika, kwa hiyo nitaandika kidogo.

Nenda. Usibebe kuku. Mwombe radhi yeye, si Mjomba, na mbele ya wale wale waliokusikia. Kisha uliza swali moja na usubiri.

Shuvai

Gutu, 22 Julai 1996

Mpendwa binti yangu,

Natumaini u mzima, na hasira imepungua.

Nilikwenda Jumamosi. Nilikaa chini mlangoni nikapiga makofi kama mkwe aliyeoa jana. Zvenyika akanicheka, "Shemeji, leo umeleta nini tena cha kurudisha?"

"Nina neno na dada yako."

"Si ulisema anaringa? Haya, ringaneni."

Nilistahili. Mama yako alikuwa akibambua karanga kwa mkono wa kushoto. Nikamwomba radhi, wakeze Zvenyika wakisikia. Kisha nikauliza, "Mama Shuvai, utarudi nyumbani?" Zvenyika akafungua kinywa amjibie, nikamwinulia mkono. Nikahesabu. Kwenye sita midomo ya mama yako ilianza kutafuta. Kwenye nane jasho likamtoka. Kwenye tisa akasema, "Hapana."

Haikuwa sifa za ukoo wala sala. Alilitafuta mwenyewe, akalipata. Wakeze Zvenyika wakapiga vigelegele, kisha wakaniona uso wakajinyamazia. Mimi nililia, na sijui nililia kwa lipi, furaha au uchungu.

Uliniandikia kwamba jibu lolote ni jibu, kwa hiyo nilipanda basi peke yangu. Jumamosi nakwenda tena kumwuliza.

Niambie jambo moja, mtaalamu wangu. Nikihesabu mpaka ishirini, ni kosa?

Baba yako