Nichukue Bunduki Mpya ya Upepo au Mabati?

Shangazi Asli, pokea salamu zangu, na uniwie radhi kwa mwandiko kwa sababu shule niliiacha darasa la sita na kalamu hii nimeazima. Nimebanwa na jambo ambalo siwezi kumwambia mtu wa hapa, maana wa hapa watacheka, na wa nyumbani nikimwambia atalia, na jibu linatakiwa Ijumaa hii. Tafadhali jina langu usilichapishe, niite Mlinzi tu.

Mimi ni mtu wa Ganze lakini kazi yangu iko huku Garsen kwenye mashamba ya mpunga. Kazi yenyewe ni kuamia, yaani kufukuza ndege wasile mpunga, tangu kunapopambazuka hadi jua linapozama, na ndege wenyewe ni wale kwelea wadogo wanaokuja kama moshi, wakitua mabua yote yanainama. Tajiri wangu ni Bwana Shee, mtu wa Kipini, naye ana bunduki ya upepo yenye leseni kwa jina lake, ambayo mimi naishika nikiwa shambani tu. Bunduki hiyo ni ya zamani kuliko ndoa yangu. Ili kuipakia lazima uikunje katikati kama mtu anayevunja muwa, bega langu la kulia limeisha kwa ajili yake, na springi imechoka kwa hivyo kila nikipiga inalia PAA! kama mlango wa bati uliobamizwa, na risasi, ambayo ni ndogo kama mbegu ya papai, inakwenda inakotaka yenyewe. Msimu uliopita nililenga ndege nikatoboa sufuria yetu ya uji.

Sasa shamba la jirani analinda kijana Mpokomo anayeitwa Buya, na msimu huu tajiri wake amemletea bunduki ya upepo ya kisasa, ya mtungi wa hewa, nyeusi tii, ina darubini juu, haikunjwi, na tena haisikiki, Shangazi, haisikiki kabisa, inasema fyu kama mtu anayepuliza chai. Nimeona kwa macho yangu ndege akianguka na wenzake waliokaa naye bua moja hata shingo hawakugeuza, wakaendelea kula, ndipo ujue ile ni mashine. Shamba lake siku nzima limetulia kama kanisa siku ya Jumatatu, na mimi huku ni PAA, PAA, ndege wanaruka wote wanakimbilia kwake kabla sijaua hata mmoja, kwa hivyo yeye anapata wengi na mimi naambulia manyoya. Jioni walinzi tunatunga ndege wetu kwenye waya na kulinganisha kabla ya kuwachoma, na waya wake unainama kwa uzito, na wangu unaweza kuanikia soksi.

Na maneno yake! Juzi aliniambia mbele ya vibarua wote, "Mgiriama, hao ndege unawaua au unawapigia makofi?" Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Akaongeza, "Ukirudi kwenu, hiyo bunduki mpelekee mkeo awe anatwangia."

Upande wa pili kuna mama mmoja, Gladys, ambaye shamba ni lake mwenyewe. Yeye hana bunduki, anakaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti, anapiga debe na kuvuta kamba yenye makopo na kupiga mayowe, kazi ya kizamani, sina haja ya kuizungumzia. Hata yeye hunicheka. Siku moja nilibahatika nikaua kumi na mmoja, akaniuliza, "Baba, leo umeua wangapi?" Nikamwambia kwa furaha. Akatazama ndege walioko angani akasema, "Hongera. Basi hawa wengine wamekuja matangani."

Shida yangu sasa ni hii. Bwana Shee alifurahia mavuno ya msimu uliopita, akaja akakaa kwenye gunia akaniambia, "Umenifaa. Nataka nikufanyie jambo moja, si mawili. Ama nikuletee bunduki mpya kama ile ya jirani, ama nikupe mabati ya kuezekea nyumba yako huko kwenu. Ijumaa nikitoka kuswali nitapita hapa uniambie, na baadaye sitaki maneno." Mke wangu Kadii yuko Ganze kwenye nyumba ya makuti, na makuti yamechoka, mvua zilizopita alikuwa akihamisha kitanda kila panapovuja hadi sasa kimefika mlangoni, na amesema kwenye simu kikihama tena kitakuwa nje. Habari ya mabati hajaisikia. Nikichukua bunduki hatajua alichokosa, lakini roho yangu haitulii, na nikichukua mabati Buya atanicheka hadi mpunga uvunwe, na mimi ni mtu mzima, nimechoka kuchekwa, nimechoka na hiyo PAA, kila mtu Garsen anajua nimekosa shabaha. Nifanyeje?

Mlinzi, Garsen

*

Ndugu Mlinzi,

Umeficha jina lako, kisha ukataja la tajiri wako, la majirani zako wawili, la mke wako, na sufuria uliyoipiga risasi. Sijui Garsen ina sufuria ngapi zenye tundu la mbegu ya papai, lakini nadhani hadi kufikia adhuhuri watakuwa wameshakupata. Usinilaumu mimi.

Pole kwa bega. Pole na kwa kuchekwa, sikufanyii mzaha katika hilo. Mtu anayeshinda juani akipigana na moshi wenye mabawa, na usiku analala mbali na mkewe, ana haki ya kutamani kitu kimoja kizuri mikononi mwake. Hilo nakubaliana nawe. Sasa kaa vizuri unisikilize.

Uliajiriwa kufanya nini? Umeniandikia mwenyewe: kufukuza ndege. Hukuandika kuua. Kati ya dungu na waya wa kuchomea nyama, nyinyi walinzi mmeisahau kazi yenu mkaanzisha mashindano ya kitoweo. Hao kwelea wanakuja wengi hata mtu hajui aanze kuwahesabu wapi, na mwenzako anamuua mmoja, kwa upole, bila kuwasumbua walio mezani. Wewe ukaona ndege wengine hawakugeuza shingo, ukasema ni mashine! Bwana wee, ndege aliyeendelea kula ndiye uliyelipwa umfukuze. Buya halindi shamba. Buya anahudumia wageni. Amewapa chakula, amewapa utulivu wa kanisa siku ya Jumatatu, na mara mojamoja anamtoa mmoja ili wengine wakae kwa nafasi.

Kisha soma mstari unaofuata katika barua yako, ule uliouandika kwa uchungu kama mtu aliyeibiwa: ukipiga PAA, ndege wote wanaruka wanakimbilia kwake. Wote! Unalia kwamba umewafukuza. Nimekaa katika kazi hii ya kujibu barua muda mrefu, nimeandikiwa na watu walioshindwa na mengi, lakini hajawahi kunijia mtu aliyeshinda akaomba dawa. Subiri siku ya kuvuna. Tajiri wa Buya atauliza mpunga wake umekwenda wapi, na mashuke matupu hayatajaa kwa kutazamwa kwa darubini.

Na huyo mama Gladys umempitia haraka mno. Umenieleza debe lake, kamba yake, makopo yake, mayowe yake, hata utani wake. Mpunga wake hukunieleza. Macho yanayoona shingo ya ndege katika shamba la Buya yameshindwa kuona shamba zima la upande wa pili? Hayakushindwa. Umeliona, ni zima, ndiyo maana ukasema huna haja ya kulizungumzia.

Tuje kwa hiyo zawadi. Bunduki mpya itakuwa ya nani? Leseni ni ya Shee, shamba ni la Shee, mpunga ni wa Shee. Siku utakayofunga mizigo kurudi Ganze utaiacha ikining'inia kwenye msumari, na Shee atakuwa amejinunulia kitu chake mwenyewe na wewe ukamshukuru kwa mikono miwili. Simlaumu, ni mfanyabiashara, na kwa heshima yake amekuachia uchague. Lakini kumbuka anachokupongeza: mavuno ya msimu uliopita. Msimu uliopita ulikuwa na bunduki gani? Ile ile ya PAA.

Hadi hapo nilikuwa nacheka, nakiri. Nikafika kwenye maneno yako, "hatajua alichokosa." Nikaacha kucheka. Ina maana umeshalipima jambo hili, ukaona kosa lako halina shahidi, na hilo likakupa ahueni kidogo. Mwanamke amesukuma kitanda hadi mlangoni na bado anakutania kwenye simu ili usihuzunike huko uliko. Wewe unataka kumlipa kwa kitu kinachosema fyu. Aibu hiyo, ndugu yangu, ni kubwa kuliko ya kukosa shabaha, ila hii hakuna kibarua wa kukucheka kwa ajili yake.

Basi fanya hivi. Ijumaa Bwana Shee akifika, mjibu salamu yake kisha sema "mabati" kabla hajapata gunia la kukalia, kwa maana ukichelewa macho yako yatakwenda kwa jirani. Mwambie yafikishwe Ganze kabla mvua hazijaanza, pamoja na misumari yake, usije ukapewa mabati ya kuegemeza ukutani. Bunduki ya zamani ibaki ilivyo, na mtu yeyote akijitolea kuitengeneza isipige kelele, mfukuze pamoja na ndege. Bega likikuuma, nenda kwa mama Gladys kwa adabu, umwombe radhi kwa hiyo "kazi ya kizamani", akuonyeshe anavyofunga kamba na makopo yake. Kamba huvutwa kwa mkono wowote. Waya wa jioni mwachie Buya, ale nyama ashibe, maana huenda asile kingine msimu huu. Na akikuuliza tena kama unawapigia ndege makofi, mwambie ndiyo, kisha piga PAA moja umwongezee wageni.

Lakini Kadii usimngojeshe hadi Ijumaa. Mpigie leo, uyataje mabati kwa sauti, ili usiweze tena kurudi nyuma. Mwambie kitanda akirudishe mahali pake.

Shangazi Asli