Baba Soma-Kwanza, Zile Hazikuwa Nyimbo Zako

Mwaka umetimia, Baba, tangu kifua chako kigome na wewe uiweke nyundo chini. Watu wakiandika kumbukumbu husema machozi yamekauka na majonzi yamepoa. Yetu hayajapoa. Familia imenipa kalamu mimi, binti yako wa katikati, kwa sababu Mama anasema kwenye kesi hutumwa mwenye mdomo. Nina hasira, tena nyingi, na nyingine ni juu yako wewe mwenyewe. Utanisamehe mbele ya safari.

Nianze na wema, ndio uungwana. Ulikuwa fundi viatu siku sita na mwalimu wa kwaya siku zote saba. Kibanda chako kilikuwa na upana wa milango miwili: chuma cha kugongea soli katikati, kopo la gundi, droo moja, na benchi la wateja lililoegemea tofali mguu mmoja miaka yote. Tulipokutania kwamba fundi mzima unashindwa na benchi, ulijibu kuwa benchi si kiatu. Mtu akija na kiatu ulimpa ndara za kusubiria. Mtu akija na wimbo ulimkalisha kwenye hilo benchi ukamwambia, "Soma kwanza." Ndipo mtaa mzima ukakuita Baba Soma-Kwanza.

Hukutaka kusikia tuni. Tuni, ulisema, ni kama rangi ya viatu, inang'arisha hata ngozi iliyooza. Mtu asome maneno makavu kama anavyosoma barua, nawe uhesabu kwa chaki juu ya soli: kistari kimoja kwa kila "mimi", msalaba mmoja kwa kila Mungu. Dada wa saluni alipokuletea wimbo wake wa kwanza, ulimaliza kuhesabu ukamgeuzia soli aone mwenyewe. Mimi kumi na tisa, Mungu mara mbili, na mara zote mbili Mungu anatumwa kazi. Dada alicheka, kisha akalia kweli. Ukaviacha viatu vya watu, ukakaa naye mchana kutwa mkiutengeneza upya. Ulimwambia Paulo alitaka tuimbe kwa roho na kwa akili pia, kwa hiyo hebu tuitafute akili ya huu imejificha wapi. Wimbo ule kwaya inauimba hadi leo.

Na wasidhani ulikuwa mtu wa kununa. Kuna waliokusema kwamba ulichukia muziki wa dunia. Waongo. Yule mama dobi wa jirani alikuwa na wimbo wake wa kufulia usiomtaja Mungu hata mara moja, nawe uliupitisha palepale, ukasema unasema kweli kuhusu maji na mikono, na vyote viwili Mungu ndiye aliyeviumba. Mchungaji mmoja alikulaumu kwa kumwimbia Mama nyimbo za mapenzi mbele ya watoto. Ulimuuliza kama Wimbo Ulio Bora umeng'olewa kwenye Biblia yake.

Nyumbani redio ilipiga ilichopiga. Hukuivunja wala hukuizima. Siku Kaka alipoukumbatia ule wimbo wa kumtukana mwanamke aliyemwacha mwimbaji, ulimwomba asimame mezani atusomee maneno yake kama anavyosoma taarifa ya habari, Mama amekaa mbele yake. Hakuumaliza ubeti wa kwanza. Wewe ukasema tu, kwa upole, endelea mwanangu, tunakusikiliza. Kaka leo ni dereva wa lori, ana redio yake mwenyewe, na anasema bado anakusikia.

Sasa nije kwenye daftari, maana ndilo lililotufikisha hapa. Lilikaa kwenye droo chini ya kopo la misumari, na utaratibu wake tuliujua sisi wa nyumbani tu. Wimbo uliokubalika uliuandika mstari mmoja, ule wa kwanza, basi, kwa sababu mingine ulikuwa nayo kichwani. Uliokataliwa uliuandika wote, neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri kuliko wa barua zako za uchumba. Tulikuuliza kwa nini unaupa heshima yote hiyo wimbo usioutaka. Ukasema, "Ninayemkataa lazima nimsome sawasawa, nisije nikamwonea." Chini yake ukaweka sura na mstari wa Maandiko ulioukataa wimbo huo. Neno "hapana" hukuliandika popote. Hilo ulimpelekea mwenye wimbo nyumbani kwake, uso kwa uso, mlango ukiwa umefungwa.

Siku ya mazishi yako daftari lilitoweka. Tulipekua droo, tukapekua chini ya benchi, tukakosa. Hatukujua kwamba watu wa kamati ya kanisa walishapita kibandani asubuhi, wakalichukua bila hodi, ili wapange nyimbo za ibada.

Kisha zikaimbwa. Jamani, zikaimbwa! Spika zenye urefu wa mtu, moja kila upande wa jeneza. Wa kwanza ulikuwa ule wa kuomba majirani wapasuke kwa wivu wakimwona mwimbaji amepanda gari jipya. Wa pili, ule unaomwahidi Mungu sadaka akishalipa kwanza. Zikaenda hivyo mpaka sita, na kila mmoja tuliujua, maana kila mmoja uliukataa ukiwa hai. Mama alishika mkoba wake kwa mikono miwili kama anayeogopa kuibiwa. Kaka alitoka nje. Mdogo wangu, muuguzi, mtu asiyepandisha sauti hata wodini, aliniuliza sikioni umewakosea nini watu hawa. Tulikumbuka kwamba nusu mwaka kabla ya hapo kamati ilikuondoa kwenye kwaya ikisema umepitwa na wakati. Tukaamini wamekuja kukucheka umelala. Kwa mwaka mzima tumewasalimia kanisani kwa ncha za vidole.

Wiki tatu zilizopita Katibu wa kanisa aliingia kwenye duka la uchapaji ninakofanya kazi. Unamjua, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi hadi mfukoni. Alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu, ana furaha, ana bahasha, anataka nakala mia tatu za kitabu kidogo kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu yako. Jalada lilisema: Nyimbo Alizozipenda Fundi Wetu. Nilifungua. Zilikuwa zile sita, na nane nyingine za aina hiyo.

Nilimuuliza nani kakwambia alizipenda. Akatoa daftari lako kwenye bahasha, Baba, akaliweka mezani kwangu kama mtu anayeleta zawadi. Alisema hizi kumi na nne uliziandika zote kwa mkono wako, ukaweka na Neno chini yake. Nyingine uliandika mstari mmoja ukaziacha, kwa hiyo ni wazi kwamba hazikukugusa. Alisema kamati ilijisikia vibaya kwa kukuondoa, ndiyo maana siku ya mazishi ilitaka uzikwe kwa nyimbo za moyo wako.

Mwaka mzima niliwachukia nikidhani ni ubaya wao, kumbe ni uvivu. Sijui kipi kilinichoma zaidi. Nilichukua Biblia ninayoiweka chini ya mashine, nikaifungua pale daftari lilipoandika chini ya wimbo wa tatu, Amosi tano, ishirini na tatu, nikamgeuzia. Nikamuuliza kama aliwahi kufungua mistari hii. Akasema hakuona haja, Neno ni Neno. Nikamwambia, "Soma kwanza."

Akasoma kwa sauti. Akafika pale Mungu anaposema aondolewe kelele za nyimbo zao, hataki kuzisikia. Akarudia peke yake, polepole. Akafungua Warumi kumi na mbili, kumi na nne, chini ya ule wa majirani kupasuka, akakuta tumeagizwa kubariki wala tusilaani. Hakufungua mstari mwingine. Alikaa juu ya boksi la karatasi, na pasi yote ikaisha kwenye shati.

"Sasa tulimzika na nini?" aliniuliza.

"Na vyote alivyovikataa," nilimjibu.

Sikumhurumia. Nakwambia ukweli, nilifurahi. Nilibaki na daftari, nikaenda nalo nyumbani kifua mbele. Asiyejua maana haambiwi maana, nilimwambia Mama, tazama watu wazima wamesoma daftari kichwa chini miguu juu. Nikacheka kweli.

Lakini nilikuwa na haja yangu, Baba, na wewe unaijua. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilikuletea wimbo wangu. Maneno matupu kwenye karatasi, bila tuni, kama ulivyotaka. Ulikuwa na misumari mdomoni. Ulisoma, ukaitoa misumari, ukasema, "Nimeusoma." Ukaikunja karatasi ukaitia mfuko wa shati, ukarudisha misumari mdomoni. Nilisubiri Jumapili ile, na iliyofuata. Kwaya haikupewa. Mlango wangu hukuja kuufunga tukaongea. Nikajua nimekataliwa kiasi cha kutostahili hata kuambiwa. Miaka kumi na sita nimekaa kanisani nimefunga mdomo, na watu wakadhani nina ugonjwa wa koo.

Kwa hiyo jioni ile nilikaa mezani nikalipekua daftari, natafuta wimbo wangu kwenye zile kumi na nne, nione ulinihukumu kwa mstari gani. Haumo. Nikarudia kurasa. Haumo. Mama alikuwa anapanga vyombo, akaniuliza natafuta nini huko mbele.

"Wako uko nyuma," akasema.

Nyuma, kwenye zile za mstari mmoja, zimebanana kama misumari kwenye kopo, nikaukuta. *Nyumba yetu ina mlango mmoja, Bwana, ingia.* Mstari wa kwanza, basi. Pembeni uliandika: wa kazini, kila siku.

Mama akaanza kuuimba huku anafuta sahani. Nikaijua tuni. Nani nyumbani asiyeijua? Ndiyo ile uliyoivumisha puani kila siku ya Mungu, misumari mdomoni, unagonga soli. Kaka huipiga mluzi kwenye lori. Mdogo wangu amewalaza wanawe kwa tuni hiyo. Sote tuliijua kwa miaka kumi na sita, na hakuna aliyewahi kusikia neno hata moja, kwa sababu mtu mwenye misumari mdomoni haimbi maneno. Mama tu ndiye aliyeyasikia, asubuhi na mapema, kabla hujaanza kazi. "Nilidhani alikwambia," alisema. Akaendelea na sahani.

Sasa nikuulize, Baba, na usinijibu kwa upole wako. Aliyekosea ulimwendea kwa miguu hata mvua ikinyesha. Aliyepatia ulimwandikia mstari mmoja ukafunga droo. Lawama ulizipeleka mlango kwa mlango, sifa ukazilaza chini ya misumari. Ni nani alikufundisha hivyo? Maandiko yanasema tuonyane, sawa, lakini si yanasema pia tutiane moyo? Huo mstari ulikuwa wapi kwenye daftari lako? Kama hiyo nayo ni kazi ya ufundi, basi iko kama benchi lako, imeegemea tofali.

Na mimi pia nijiseme. Nilimcheka Katibu, kumbe mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Yeye aliona maandishi mengi akadhani ni upendo. Mimi, niliyelijua daftari tangu utotoni, niliona kimya nikadhani ni hapana. Tulikosea kosa lilelile, yeye mwaka mmoja, mimi kumi na sita.

Katibu, kwa heshima yake, alirudi kamatini akaeleza kila kitu. Mwenyekiti alimjibu kwamba ratiba imeshatangazwa, spika zimeshakodiwa, na zaidi ya yote watu hawasikilizi maneno, wanasikiliza mdundo. Nilipokataa kuchapa, Mwenyekiti alipeleka kazi kwingine. Kwa hiyo Jumapili hii watu mia tatu watashika kitabu chenye jina lako, chenye Amosi chini ya ukurasa, na wataimba bila kumfungua. Hatutakuwepo. Tunasema hapa, kila mtu asome: familia haikukibariki kitabu hicho, na Fundi hakuzipenda nyimbo hizo. Alizikataa, moja moja, kwa heshima.

Sisi tutakuwa kibandani kwako, saa tisa alasiri. Kaka ameahidi kuleta mbao autengeneze ule mguu wa benchi, maana aibu imetosha. Dada wa saluni na mama dobi watakuja. Katibu ameomba kuja, nikamwambia hakuna spika, na atasoma kabla ya kuimba kama wengine wote. Amekubali.

Tunaokukumbuka: mkeo, aliyeyasikia maneno, mwanao mkubwa wa lori na mkewe, binti yako muuguzi na mumewe, wajukuu zako watatu, wanaoijua tuni, shemeji zako, na mimi wa katikati, mwenye mdomo. Maisha yetu yote hutatutoka, Baba. Jumapili mimi ndiye nitakayeanzisha wimbo wa kazini, tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa sauti. Misumari ya mdomoni tumeirudisha kwenye kopo.