Kidonge cha Kumtibu Mbu

3 Machi

Mdogo wangu,

Habari za hapo, na mgongo bado unakusumbua kwa kuinamia cherehani? Mimi mzima, nafuga mbu wa maabara kama kawaida. Wifi hajambo na ujauzito wake?

Nashukuru malaria imekuacha. Ila wifi ananiambia kile kidonge cha mwisho umekiacha dirishani. Kimeze leo.

Dada yako

6 Machi

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Wifi yako anakula kwa wawili na kununa kwa watatu.

Mimi nimepona. Daktari mwenyewe kasema kidonge hicho hakinitibu mimi, kinazuia nisimwambukize mbu. Yaani nivuruge tumbo langu kwa dawa ya kumtibu mbu? Ajitibu mwenyewe.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali, nimekasirika.

Sikiliza, fundi. Kitambaa cha mteja unakikata, unakifunga kamba, unakiweka rafuni mpaka aje. Vijidudu wa kike wa malaria waliobaki kwenye damu yako wako hivyo hivyo. Maagizo ya kutengeneza protini za kuishi ndani ya mbu wanayo tayari, ila wameyafunga. Wametulia, ndiyo maana huumwi. Mbu akikunyonya, wakahisi ubaridi wa tumbo lake, kamba inakatwa na cherehani inaanza. Wiki mbili hivi baadaye mbu huyo anamuuma mwingine. Nani anakaa nawe kibarazani kila jioni akikushonea vifungo?

Sisi huku tunakesha tukitafuta namna ya kuwazuia, wewe umewapa nyumba kwa sababu ya tumbo kuvurugika. Ubinafsi huo hukulelewa nao.

Dada yako

28 Machi

Mdogo wangu,

Umenuna, sawa. Nuna ukiwa umemeza. Wifi hajambo?

Dada yako

2 Mei

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima.

Wifi yako katoka hospitali jana. Homa ya malaria imeshuka, lakini mtoto tumempoteza. Ni mbu yupi, na alibeba damu ya nani, hata daktari hajui. Ila kidonge kilikuwa bado dirishani. Nimekimeza mbele ya wifi yako, hakunitazama.

Nina hasira nawe kwa kunieleza vizuri vile. Ungenieleza vibaya ningepata pa kujificha.

Nguo za mtoto nilishazikata. Ziko rafuni, zimefungwa kamba. Wifi yako kasema nisizifungue.

Mdogo wako